Kipaka wa Kwenye Maranda

Jioni za mji wetu wa Mompox baada ya mvua hazina haraka. Mto Magdalena hupita nyuma ya nyumba ukiwa na rangi ileile ya anga, magugu maji yanaelea kama visiwa vilivyosinzia, na mvuke unapanda barabarani hadi mtu wa upande wa pili unamwona kama unayemwota. Saa hizo ndipo tunapotoa viti vyetu vya kubembea na kuvipanga kwenye kona, mbele ya kibanda changu cha kinyozi, naye Mama Nicolasa anakuja na chupa zake za kahawa. Mimi wananiita Mkasi. Kushoto kwangu hukaa Askofu, ambaye hata upadri hajawahi kuuonja: alikuwa akipiga kengele za kanisa mpaka goti likamgomea. Kulia yupo Kambare, muuza jibini, jina lake limetokana na masharubu. Kwa kawaida kelele zetu zinafika ng'ambo ya mto. Lakini siku ile tulibishana kwa kunong'ona, maana Tarsicio fundi viti alikuja na mtoto wa paka amelala ndani ya kofia yake.

Tarsicio huyohuyo! Mtu aliyekuwa akiwarushia paka vipande vya mbao kwa sababu wanakwarua henzirani alizosukia viti vyake.

— Dunia imepinduka, alinong'ona Kambare. Umeokoka lini?

— Mama yake alizalia karakanani kwangu, kwenye maranda ya mbao, akasema Tarsicio. Juzi mvua ilipoanza kuvuja akawahamisha watoto kupitia juu ya vigae. Watatu. Huyu akamwacha. Nimemsubiri, hajarudi. Amelia mpaka sauti imekauka. Sasa hanyonyi kitu, na tumbo limejaa kama ngoma.

Tukainamia kofia. Kitu chenyewe kilitosha kwenye kiganja, cha kijivu, macho ndiyo kwanza yanafunguka.

— Mpe maji ya jibini, akasema Kambare. Mimi nimekulia hayo.

— Ndiyo maana uko hivyo, akajibu Askofu. Mpe sukari guru na kahawa kidogo, damu ichemke. Haraka haraka haina baraka, kwa hiyo fanya sasa hivi.

— Kahawa yangu hainyweshwi paka, akasema Mama Nicolasa.

— Mfunge uzi mwekundu mkiani, nikachangia mimi. Tumbo litanywea.

— Mkasi, wewe kazi yako nywele, akasema Askofu.

— Na yeye si ana nywele?

Tulikuwa tunaendelea vizuri. Ndipo Askofu akajiegemeza kitini, akafumba macho kama anayesali, akasema:

— Jamani, msijisumbue. Mama hakosei. Akimwacha mmoja, ujue huyo ana kasoro. Asiyefunzwa na mamaye hufunzwa na ulimwengu.

Viti vikaacha kubembea.

Kwa maana mji mzima unajua, ingawa hakuna anayesema, kwamba Tarsicio mwenyewe aliokotwa mlangoni mwa kanisa, amefungwa ndani ya nusu ya machela ya kuning'inia iliyokatwa kwa kisu. Masista wakamlea. Nani aliyebaki na nusu ya pili, hakuna aliyejua. Sasa ana mvi kichwa kizima, na ni sisi tuliokuwa tukimwita ndugu tangu utotoni.

Askofu akafumbua macho. Nilimwona akiyatafuta maneno yake hewani ayarudishe mdomoni.

— Labda si kasoro, akasema taratibu.

— Kasoro wapi! Kambare akadakia. Huyu ndiye mwenye nguvu kuliko wote. Mama anamwacha shujaa alinde nyumba. Mnyonge ndiye anayebebwa.

— Kabisa, akasema Askofu. Hata kengele, ndogo zinashushwa kutengenezwa. Ile kubwa haitoki mnarani.

Nami nikaona nisibaki nyuma.

— Mimi nasikia mama paka hamhamishi mtoto anayeota. Ukimbeba katikati ya ndoto, mwili unakwenda mtupu, ndoto inabaki palepale. Huyu alikuwa anaota. Mama akamwonea huruma.

— Hiyo ni kweli tupu! akasema Kambare, na jinsi alivyosema nusura niamini mwenyewe. Mjomba wangu walimhamisha kutoka Magangué akiwa amelala ndani ya mtumbwi. Mwili ukafika hapa, ndoto ikabaki kule. Mpaka leo akila samaki hapa, shibe anaisikia mtu wa Magangué.

— Acha fiksi, akasema Mama Nicolasa.

— Muulize mwenyewe, kama utamkuta macho.

Tarsicio alikuwa akisikiliza huku kidole kimoja, kigumu kwa vanishi, kikipita juu ya mgongo wa kile kipaka.

— Sasa huyu anaota nini? akauliza.

— Maziwa, nikamwambia. Mto mzima wa maziwa, naye yuko ukingoni.

Kipaka kikafungua kinywa. Hakuna sauti iliyotoka.

— Anakufa huyu, akasema Tarsicio.

Kahawa ikatupolea mikononi, na mto ukaendelea kwenda zake bila kutugeukia.

Hapo ndipo alipotoka mlango wa tatu yule mwanamke aliyehamia karibuni kutoka El Banco, Yadira, mtoto mchanga amemlaza begani, senti za kahawa mkononi. Akatusalimia, akachungulia ndani ya kofia.

— Amekojoa?

Tukatazamana.

— Nani? Askofu akauliza.

— Paka. Tangu ameachwa, amekojoa?

Tulikuwa tumezungumza yote yanayoingia kwa kipaka yule na yote yanayopita kichwani mwake. La kutoka, hakuna aliyekuwa nalo.

— Si hukojoa mwenyewe? akasema Tarsicio.

— Akiwa mdogo hivi hawezi, baba. Mama yake humlamba ndipo mkojo utoke.

Akaomba maji ya moto kwa Mama Nicolasa, akayapooza, akachovya pembe ya kitambaa cha mtoto wake. Lakini hakufanya yeye. Akamkabidhi Tarsicio.

— Wewe mwenyewe. Chini ya mkia, polepole, kama ulimi.

Tarsicio akamtoa kofiani, akamlaza pajani, akasugua kwa mkono uliozoea randa na patasi. Muda ukapita. Nilidhani hakuna kitu. Kisha suruali yake ikaanza kulowa, ikalowa, ikalowa.

— Anakojoa! Kambare akapiga ukelele, akasahau kunong'ona. Mtoto wa Yadira akaamka akilia, Askofu akafanya ishara ya msalaba, na Tarsicio hakujifuta.

— Sasa mpashe joto kwanza, akasema Yadira. Halafu maziwa ya mbuzi kwa leo, vuguvugu, tone kwa tone, alale kifudifudi asipaliwe.

Dada yake Kambare ana mbuzi. Sijawahi kumwona Kambare akikimbia kabla ya siku ile. Maziwa yalipokuja, kipaka kikashika ncha ya kitambaa, kikanyonya, miguu yake ya mbele ikikanda hewa.

Tarsicio akauliza bila kuinua kichwa:

— Mama, wewe unaye mtoto. Kwa nini alimwacha?

Sisi tulikuwa tumedanganya vya kutosha. Tukamwangalia Yadira.

— Sijui, baba, akasema Yadira, akimtuliza wake begani. Ila paka ana mdomo mmoja. Lazima mmoja awe wa mwisho. Na juzi mvua ilikuwa kubwa. Pengine alikuwa njiani kurudi.

Mama Nicolasa akainamisha chupa ya mwisho, haikutoa kitu.

— Njiani, akasema Tarsicio, kama anayeonja neno.

Akainuka, kofia ameikumbatia kifuani.

— Unakwenda wapi? nikamuuliza.

— Nililifunga dirisha la karakana. Nikalifungue.

Mama paka hakurudi, usiku ule wala baadaye. Mtoto akapona, akanenepa. Lakini dirisha lile halifungwi mpaka leo, mvua inyeshe isinyeshe.