Miche Sita ya Sabuni

Mheshimiwa Diwani, Ndugu Mwenyekiti wa Kijiji, Mwalimu Mkuu na walimu wenzangu, wazazi mliotoka Guta hadi Manyamanyama, nanyi watoto mliokaa hapa mbele: nawasalimu. Daktari amenikataza kusimama, nitasema nikiwa nimekaa.

Mmeniomba nikate utepe wa darasa hili la chekechea, na juu ya mlango mmeandika jina langu, Mwalimu Stanislausi. Mmenisifu tangu asubuhi. Lakini mbona viti ni arobaini, na watoto walioandikishwa ni tisa?

Jibu ninalo mimi.

Mwaka 1983, sabuni ilipokuwa adimu na msako wa walanguzi umepamba moto, mlezi wa chekechea yetu alikuwa Eufrasia. Kila asubuhi aliwakalisha watoto duara, kila mmoja atoe habari za kwao: ng'ombe amezaa, shangazi amekuja. Ndivyo walivyojifunza Kiswahili.

Siku moja nilikuwa nimesimama mlangoni. Wankyo binti Mwikwabe, mtoto wa miaka mitano, akainuka. "Kwetu kuna sabuni nyingi! Bibi anazilaliaga."

"Muongo!" mwenzake akadakia. "Mbona gauni lako chafu?"

"Baba amesema tusifulie, majirani watanusa."

Watoto wakacheka. Eufrasia naye alicheka, kisha akaniona, akaacha. "Mwalimu, ya watoto yaishie hapa."

"Bila shaka, dada," nikamjibu.

Saa sita mchana nilikuwa ofisi ya tawi la Chama, nikieleza. Hakuna aliyenilazimisha. Nilitaka nionekane mwalimu aliye macho. Chini ya godoro la yule kikongwe ilikutwa miche sita ya sabuni. Mwikwabe alichukuliwa, akaugua mahabusu, akarudishwa kuzikwa. Mwaka uliofuata nikapandishwa kuwa Mwalimu Mkuu.

Kijiji kilijiuliza nani alisema, kikamtazama yule aliyezoea kuwauliza watoto. Mlimwita Eufrasia "redio". Akifika kisimani, wanawake walijitwika ndoo zikiwa nusu, wakaondoka. Niliyaona hayo, nikanyamaza. Akahamia mjini, mtaa wa Nyasho, akauza dagaa. Chekechea ikafungwa, nanyi mkawafundisha watoto jibu moja la shuleni: "Sijui." Miaka mingi nimesimama mbele ya watoto wanaojua, wakaniambia hawajui. Nani angeweza kumfundisha mtoto ambaye mama yake amemkataza kutuamini? Na mama huyo alikosea wapi? Hakukosea.

Wankyo yuko pale nyuma, amembeba binti yake. Mwanangu, nasikia umekua ukiamini kwamba mdomo wako ndio uliomuua baba yako. Hapana. Wewe ulimwambia mlezi wako habari za nyumbani, kama ulivyofundishwa. Aliyezibeba na kuzipeleka ni mimi.

Sikuombi unisamehe, wala sikuombi umwandikishe mtoto leo. Ninaloomba ni jina langu lifutwe pale juu kabla sijafa, maana siku zenyewe si nyingi.

Mama Eufrasia nilimwita kutoka Nyasho. Ndiye yule amekaa karibu na mlango, na hakujua nitasema nini. Mkasi huu hapa, mpelekeeni. Akitaka, akate utepe. Akikataa, mlango ubaki umefungwa mpaka ninyi wazazi mumwendee wenyewe.

Mmenisikiliza, nami nawashukuru. Yeye aliwaambia "si mimi" kwa miaka kumi na mitano, na hatukumsikiliza.