Mmoja Anioshe, Mwingine Animwagie

Sogeeni karibu, wanangu, mnisikilize. Na wewe Nurdin, mwanangu wa kiume, toka ukakae barazani na wanaume wenzako, na akija yule dalali anayeniulizia hali kuliko daktari, mwambie mama bado anakunywa uji na nyumba ya Mtaa wa Pemba haiuzwi. Haya ninayosema sasa ni ya wanawake.

Sikujaliwa binti wa kumzaa, lakini Mungu alinipa ninyi, Sitara na Najma, nikawachukua wasichana wabichi nikawafundisha kumkanda mzazi, kupika pilau ya watu, kukaa na mfiwa na kumwosha maiti wa kike kwa heshima yake. Tangu kikundi chetu kianze, hapa Kariakoo hakuna mwanamke tuliyepata habari yake akakosa mkono wa kumwosha, awe na jamaa au hana. Urithi wangu ndio huo, na ninyi wawili mnataka kuuzika kabla yangu.

Mwaka wa pili huu hamsemezani, na kisa ni nini? Eti Najma kamwita mwenzie mpishi wa kichen pati! Ikaja Maulidi, Najma katia chumvi kwenye pilau kanyamaza, Sitara kafika, kuuliza hataki maana atakayeanza kusema ndiye aliyeshindwa, basi naye akatia yake. Sheikh wa watu akala matonge mawili, akaomba dua fupi ambayo mfano wake sijapata kuusikia tangu nizaliwe, akaondoka kutafuta maji. Aliyemaliza sahani ni huyu Stella, msaidizi wetu wa jikoni, peke yake, kwa adabu zake, na jioni miguu ikamvimba. Usicheke, Stella, ulivimba.

Hilo nililimeza, ila ya Magomeni yalinikwama kooni. Tumekwenda kumwosha marehemu Bi Sofia, Sitara anaosha, Najma anamwaga maji, wamesimama bega kwa bega, na badala ya kuambizana wanapaza sauti nje ya pazia kwa Stella anayemenya vitunguu saumu: “Stella, mwambie huyo amwage kulia!” Na Stella, Mkristo wa watu, mwanakwaya mzima, ananadi kama yuko mnadani Feri: “Kulia, dada Najma, anasema kulia!” Mpaka neno lifike, maji yameshakwenda. Aliyetoka mle ameoga ni Sitara, marehemu mkavu, ikabidi nipige magoti yangu haya mabovu nianze upya.

Nililia siku ile, watu wakadhani namlilia Sofia. Nilikuwa najililia mwenyewe, wanangu. Kufa siogopi, sote njia yetu moja; naogopa kulazwa pale mbele yenu nisiweze kuwagombeza.

Basi shikeni wosia wangu. Sufuria kubwa namwachia Najma, mfuniko na mwiko wake namwachia Sitara, na mkinuniana mtakula moshi, maana jifya moja haliinjiki chungu. Kanga zangu Stella achague kwanza, kabeba maneno yenu vya kutosha. Siku yangu ikifika yeye ndiye asimamie jiko, na chumvi asiiguse mwingine. Mwili wangu msimpe mtu: Sitara anioshe, Najma animwagie maji, na Stella asisogee karibu na pazia. Mtumeni hata sokoni akanunue ndimu.

Niwieni radhi, nami nimewawia radhi. Mungu awape mikono isiyochoka kuhudumia, awape wenzi wa kuwafuta jasho, na uzee wenu usiwe wa upweke. Stella, na kwenu kanisani waombe hivyo hivyo, hakuna dua inayozidi…

Pumzi… ngoja. Sitara, niinue kichwa. Koo limenikauka. Maji yako kwa Najma pale, mwombe… Mbona kimya? Stella, kaa chini! Kaa, mwanangu, safari hii usimsemee mtu.

Nasubiri… mimi nasubiri, lakini anayekuja kunichukua sijui kama…

Eh? Nani kasema? “Najma, dada yangu, mletee mama maji.” Ni wewe, Sitara? Rudia, sikio langu hili limeziba.

Rudia tena.

Nilisikia tangu mara ya kwanza, wanangu. Ni utamu tu. Haya, Najma… mwitikie mwenzio.