Evodia Kokuberwa, Aliyefyeka Migomba ya Baba Mkwe

Tarehe 30 Juni mwaka huu, Bi. Evodia Kokuberwa anastaafu baada ya kuitumikia idara ya mazingira kwa miaka thelathini na mmoja. Habari hizi zimepokelewa kwa huzuni hapa ofisini, na kwa nderemo na kila anayemwaga uchafu mtaroni. Hao wasishangilie mapema. Anastaafu ajira tu. Mdomo bado uko kazini.

Alianzia Muleba akiwa msichana, akikimbizana na mitambo ya kumenya kahawa iliyotiririsha maji machafu vijitoni. Kule kijijini Ijumbi bado wanamkumbuka: anafika bila taarifa, miguuni buti za mpira, kiunoni kitenge cha kwaya ya Kilutheri aliyokuwa akiimba. Kwaya yenyewe, kwa heshima zote, ilipumua alipohamishiwa Bukoba.

Bukoba ndiko alikotuharibia vikao. Alizoea kuweka kopo la udongo wenye sumu mezani, kando ya sahani ya sambusa, kisha anaanza maelezo. Hatuna hakika kama wakubwa waliielewa kemia. Tuna hakika kwamba sambusa zilibaki, na sisi wa ngazi za chini tulizila.

Lakini kazi iliyompa jina ni ile ya Ijuganyondo. Kiwanda cha ngozi kilikuwa kimefungwa zamani, mwenyewe akaondoka, akaacha kuta, mabwawa ya dawa za kulainishia ngozi, na udongo wa kijani usiopendeza. Wananchi walitaka pajengwe soko na zahanati. Majibu ya maabara yakaja: ardhi imejaa kromu, kinachooteshwa humo kisiliwe. Na nyuma ya kiwanda ndipo ilipostawi migomba mizuri kuliko yote mtaani. Ilikuwa ya Mzee Kyaruzi. Mzee Kyaruzi ni baba yake Julius, na Julius ni mume wa Evodia.

Kwetu mkaza mwana hapazi sauti mbele ya baba mkwe, sembuse kumpelekea panga kibanjani, kwenye migomba yake. Wakubwa walimshauri wamwage kifusi juu, wasawazishe, soko lijengwe, yaishe. Alikataa. Alikwenda asubuhi, akapiga magoti kama desturi inavyotaka, akamweleza mzee kila kitu.

"Waitu, mwanetu, ndizi za hapa hata wewe umezila," mzee alimjibu. "Mbona hujafa?"

"Sijafa, baba. Sitaki kusubiri nione nani ataanza."

Mzee akaingia ndani, akafunga mlango. Vibarua wakagoma, hakuna aliyetaka laana ya kibanja cha mtu. Evodia akachukua panga, akaufyeka mgomba wa kwanza kwa mkono wake. Walioshuhudia wanasema alifyeka huku akilia na huku akiwatukana vibarua, yote mawili kwa ufasaha.

Baada ya hapo hakualikwa tena kwa Kyaruzi, hata Krismasi. Mashemeji walimpa jina ambalo mhariri wa jarida hili amekataa kulichapisha. Yeye akaendelea. Udongo mbovu ulichimbwa, ukafukiwa kwenye shimo lililotandikwa plastiki nzito na kufunikwa kwa mfinyanzi, kisha ukaletwa udongo safi. Vipimo vilipoonyesha kona moja bado ina sumu, aliamuru ichimbwe upya wakati mkandarasi ameshafungasha vifaa. Mkandarasi naye alilia, kwa sababu zake.

Soko na zahanati vilifunguliwa mwaka jana. Katikati ya hotuba, Mzee Kyaruzi akaingia na mkongojo, nyuma yake kijukuu kabeba machipukizi ya migomba kutoka Kishanda. Akawapita viongozi wote bila salamu, akasimama mbele ya Evodia.

"Mwana wange," alisema, "hapa sasa panaoteka?"

Bi. Kokuberwa alinyoosha kidole kuelekea uzio wa zahanati. Wakaenda kupanda wote wawili, mzee akilalamika kwamba mkaza mwana wake hajui kuchimba shimo. Hotuba ziliendelea, hakuna aliyezisikiliza.

Bi. Evodia, asante kwa ukali wako, na kwa ardhi ambayo watoto wanaichezea bila viatu. Tunakutakia ustaafu wenye afya, magoti yasiyouma na senene wanono kila msimu. Nenda kalime, mama, na ule ulichokilima bila kukipima kwanza.