Ufunguo wa Tawi la Puigdolç

Mgeni rasmi, Katibu Mkuu wa chama chetu, Mheshimiwa Eudald Comas, karibu Puigdolç. Vaa hiyo aproni bila kuona haya. Mchuzi wetu wa lozi hauheshimu tai ya mtu.

TULIKOTOKA

Tawi hili lilianzia jikoni kwa Bi Quima Vendrell, mshika ufunguo wa ofisi kwa miaka arobaini na moja sasa. Siku alipojiunga na chama aliulizwa anataka nini. Akajibu, "Nataka nchi yetu wenyewe, na iwe nchi ambayo mgonjwa hapandi kilima kwa miguu kumfuata daktari. Mkinipa moja bila nyingine, nitawasumbua."

Ametusumbua vizuri.

TULIYOFANYA

Basi la zahanati lililofutwa limerudi. Familia sita zilizotakiwa kuhama nyumba zao bado zimo humo. Hata jirani yetu Fermí, asiyetaka kabisa tujitenge na Madrid, aliandikiwa na Bi Quima barua ya kumtuliza mwenye nyumba wake. Kila msimu wa vitunguu vya kuchoma huja kula nasi.

"Nchi yenu siitaki, dada," humwambia, "lakini nyie mkiondoka, nani atanipigania?"

"Kula, mpinzani. Vinapoa."

KOSA LETU

Vitunguu vikitoka kwenye moto wa matawi ya mizabibu hufungwa ndani ya magazeti ya zamani ili vilainike. Leo Bi Quima, miwani ikiwa mfukoni, alichukua bunda lililokuwa karibu. Kumbe ni vipeperushi vya kampeni vyenye picha yako. Ndiyo maana, Mheshimiwa, uso wako umejaa masizi meza nzima. Fermí anasema siasa zako hazijawahi kuwa na ladha hivi. Tuwie radhi.

CHANGAMOTO NA OMBI

Barua ya makao makuu inasema wanachama kumi na tisa ni wachache mno, tuunganishwe na tawi la mjini, na ufunguo tuukabidhi kwako leo. Mjini watatupokea, hatuna shaka. Lakini nani atasafiri saa nzima kwenda kulalamikia paa linalovuja? Tunaomba tawi letu libaki.

Bi Quima ametii barua. Ufunguo uko chini ya sahani yako. Ukiuchukua, tutakusindikiza hadi kwenye gari kwa heshima zote. Ukiuacha, huna haja ya kusema neno: Bi Quima ndiye anayekusanya vyombo, ataukuta.

Upewe afya, safari njema, na uhai wa kuiona siku ya nchi yetu.

Ni sisi,
Wanachama kumi na tisa wa Tawi la Puigdolç,
pamoja na Fermí, kwa leo tu.