Bibi Yetu, Aliyezaliwa Safarini

Wapendwa waombolezaji, familia imenipa mimi, mjukuu wake wa mwisho, heshima ya kuwasomea maisha ya bibi yetu, mwalimu wa historia.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Agosti 1951, mtoto wa pili wa msimamizi wa wajenzi wa barabara. Siku hiyo familia ilikuwa inahama kambi, akazaliwa juu ya lori, katikati ya magodoro na masufuria. Dereva alisimama kidogo, kisha safari ikaendelea. Ni wapi hasa, hakuna aliyejua.

Kwa kuwa barabara haikuwa na mwisho, alisoma shule nne za msingi. Mwaka 1971 aliingia chuo kikuu kusomea historia, na huko huko akafundisha mpaka alipostaafu mwaka 2011.

Utafiti wake ulihusu kuhama: nani alihama, kwa njia gani, alibeba nini, aliacha nini. Nilimuuliza kama hiyo nayo ni historia, maana shuleni sisi tunakariri vita. Akasema, "Na hao wanajeshi walifika vitani wamekaa?" Hakumhoji mtu kwenye kiti. Alimwambia "Tutembee," wakaifuata njia ile ile mtu huyo aliyopita alipohama zamani, kwa sababu kwenye kona mtu hukumbuka jambo ambalo sebuleni halikumjia. Wanafunzi walimwita Mama Tutembee.

Mwaka 1978 aliolewa na mkutubi wa chuo, babu yetu, wakajaliwa mama yangu na mjomba. Babu akimtania, "Mtembezi hula miguu yake," alijibiwa, "Na mkaa kitako hula vumbi la vitabu. Sogea nipite."

Mwaka 2022 moyo wake ulianza kuchoka, akawa wa kiti cha magurudumu. Ndipo aliposema kwamba amewatembeza watu wengi kwenye njia zao, yeye bado, na hataki kufa bila kujua alipozaliwa. Desemba iliyopita mjomba alitupeleka kwenye barabara ile aliyoisimamia baba yake bibi, pamoja na dada yake bibi, ambaye siku ile ya lori alikuwa na miaka saba. Tukamsukuma bibi pembeni mwa lami. Kwenye daraja dogo dada mtu akasimama ghafla.

"Hapa! Mama alinituma maji pale chini!"

Palikuwa na kibanda cha kuziba pancha. Fundi akatoka akijifuta mikono. "Karibuni. Tairi gani linasumbua?"

"Hakuna, mwanangu," bibi akasema. "Natafuta nilipozaliwa."

Fundi akakitazama kiti, akatutazama sisi. "Mama, mimi hapa naziba pancha tu."

Bibi alicheka mpaka mjomba akaingiwa na hofu. Kisha akauliza, "Una hakika, dada?"

"Kabisa. Ila lori lilikuwa upande ule wa barabara."

"Upande ule si lingekuwa linarudi tulikotoka?"

"Wewe ulikuwa unazaliwa, utajuaje?"

Jioni alimwambia babu, "Leo na mimi nina kwetu." Majuma yaliyofuata alilala vizuri, akala vizuri, akatuchokoza kama zamani.

Alifariki hospitalini asubuhi ya Jumanne, tarehe 4 Machi 2025, watoto wake wakiwa wamemshika mikono. Ameacha mume, watoto wawili, wajukuu watano, na dada yake, ambaye mpaka jana jikoni alishikilia kuwa lori lilikuwa upande ule mwingine. Bibi alikwishamkubalia: basi, pande zote mbili.

Apumzike salama, bibi yetu.