Mambo Matano Aliyoyaacha Geti

Benchi lenyewe ni ubao mmoja juu ya matofali manne, umeegemezwa kwenye ukuta wa duka la dawa, na kila mtu ana sehemu yake utadhani imeandikwa jina. Upande wa jua anakaa Soli, fundi viatu, kwa sababu huko gundi inakauka upesi. Katikati ni Kipaza, fundi simu, aliyeacha shule kidato cha pili na tangu siku hiyo hajawahi kukubali kwamba kuna jambo asilolijua. Mwisho, karibu na birika la Mama Kahawa, ni Geti, mlinzi wa jengo la ofisi lililo ng'ambo ya barabara. Miaka kumi na tisa amesimama kwenye lango lile. Ukitaka kujua amechoka kiasi gani, mtazame anavyokaa: anashika ubao kwa mikono miwili, kisha anajishusha kidogo kidogo kama mtu anayeshusha friji kwenye gari.

Siku hiyo alikuwa na saa moja tu. Saa nane angeingia kwenye usaili. Mtu wa mapokezi alikuwa amehama, nafasi ilikuwa wazi, na mapokezi kuna kiti. Wala si kiti cha hivi hivi. Ni kiti cha kuzunguka, chenye mgongo na pa kuegemeza mikono, ambacho Geti amekitazama kupitia kioo miaka yote hiyo. Ila wageni wengi wa jengo lile wanaongea Kiingereza, kwa hiyo anayekitaka kiti lazima aongee Kiingereza dakika mbili mbele ya meneja. Mada ilikuwa imeshatolewa: eleza mambo ya zamani ambayo siku hizi huyafanyi.

Kipaza alikuwa amemfundisha wiki nzima, bila kuombwa. Alimweleza kwamba Kiingereza kina neno la kazi hiyo, used to, ambalo kijiweni lilikuwa limeshageuka kuwa "yustu". Sisi tukisema fulani alikuwa anavuta sigara, alisema Kipaza, hakuna ajuaye kama ameacha au kiberiti ndicho kimeisha. Mwingereza akishasema yustu, basi, mlango umefungwa nyuma yake. Mifano aliitoa kwenye kitabu kisicho na jalada, na kwa bahati ukurasa uliobaki mzima ulikuwa umejaa watu walioacha mabaya yao. Akamwandikia Geti sentensi tano kwenye kipande cha boksi la simu, Geti akazikariri langoni.

— Hebu zishushe, mzee, tuzisikie.

Geti akazishusha kwa Kiingereza, kwa sauti ya mtu anayesoma mita ya maji: kwamba zamani alikuwa akivuta pakiti mbili kwa siku, alikuwa mlevi, alikuwa mnene, alikuwa akipigana na majirani, na alikuwa akilala kazini.

— Unatiririka, alisema Kipaza. Mwalimu wako nani?

— Lakini mimi sijawahi kuvuta sigara.

— Hii ni sarufi, mzee. Si polisi.

Soli alitaka kujua maana ya ile ya mwisho. Kipaza alipoitafsiri, Mama Kahawa aliacha kumimina.

— Yaani mlinzi anakwenda kumwambia meneja kwamba alikuwa analala kazini, halafu anaomba kiti?

Geti alikitazama kile kipande cha boksi. Siku zote alikuwa akizishika zile sentensi kama mtu anavyoshika namba ya simu, hakujua kwamba zinasema kitu. Kipaza naye aliona jasho linamchungulia, lakini mdomo wake haujui breki. Alisema ndivyo Waingereza walivyo, huwezi kupanda cheo mpaka uwe na ulichoacha. Kuna ofisi kabisa, unakwenda unaandikisha tabia yako, unapewa namba. Binamu yake ameiona fomu.

— Binamu yule uliyetoka naye shule siku moja? aliuliza Mama Kahawa.

Soli alikuwa na yake. Kwa maoni yake kinachowaachisha tabia ni baridi. Watu wale wanabadilisha nguo mara nne kwa mwaka, na mtu akizoea kuvua koti anavua na tabia. Akashauri Geti aachane na matendo, ashike hali: zamani alikuwa na nywele, zamani pale kwenye benki palikuwa na mti. Kipaza alikubali kwamba hali nazo zinaingia kwenye yustu, kisha akadai kwamba mti hauajiriwi, na hapo wakaanza kubishana kama ulikuwa mti mmoja au miwili.

Geti aliwaacha wakabishana mpaka kikombe chake kikapoa.

— Shida si Kiingereza, alisema. Mimi sina nilichoacha. Zamani nilikuwa nafungua lango. Sasa nafungua lango.

Kipaza alitafuta la kumtania, akaona yote yaliyokuja hayana chumvi.

Mwisho wa benchi, upande wa Soli, alikuwa ameketi mteja mmoja, dada mwenye mguu mmoja kwenye kiatu chake na mwingine kwenye kandambili ya kuazimwa, akingoja kisigino kishike gundi. Muda wote alikuwa akiwasikiliza.

— Samahani, kaka. Kabla ya hilo lango ulikuwa unafanya nini?

Kipaza alifungua mdomo kujibu, maana ndiyo kazi yake. Hakikutoka kitu. Soli alishika nyundo hewani. Walijua goti lipi la Geti huuma mvua ikikaribia, walijua anakunywa kahawa bila sukari na kwamba kitindamimba wake ana kigugumizi. Ya kabla ya lango hawakuyajua, kana kwamba mafundi walimfunga pale siku moja na zile bawaba.

— Nilikuwa nakimbia, alisema Geti.

— Ukimkimbia nani? Kipaza alidakia, kwa mazoea tu.

— Simkimbii mtu. Nakimbia.

Akawaeleza taratibu, macho kwenye kikombe. Kila alfajiri, peku, kutoka kwao hadi kwenye tangi la maji kilimani na kurudi. Walikuwa vijana wanne, yeye ndiye wa mbele. Alikuwa mwembamba. Alikuwa hachoki, mama yake alikuwa akimsikia anarudi, anatia maji ya kuoga kwenye ndoo. Alipopata kazi, zamu ilianza alfajiri ile ile, akawaambia wenzake atarudi zamu ikibadilika.

— Haikubadilika, alisema.

Kipaza alihesabu kwa vidole nyuma ya mgongo wake. Kukimbia, wa mbele, mwembamba, kutochoka, ndoo. Tano, na hakuandika hata moja.

Geti alikipasua kile kipande cha boksi, akavitia vipande mfukoni. Kisha akamgeukia Kipaza.

— Ulisema lile neno linafunga mlango.

— Ndiyo.

— Nikilisema, ndiyo basi? Siwezi tena kurudi?

Jibu lilikuwa kwenye kitabu, tena Kipaza alikuwa amelipigia mstari. Akayatazama magoti ya Geti.

— Mimi niliishia kidato cha pili, mzee wangu.

Mama Kahawa aliinamisha birika, yakatoka machicha. Geti akashika ubao kwa mikono miwili, akajinyanyua, akaanza kuvuka barabara, midomo ikicheza. Ai yustu ran. Ai yustu ran. Gari lilimpigia honi aharakishe.

Hakukimbia.