Koti la Kafa Ulaya

Duka la ushirika halikuwa na hata kitambaa, kwa hiyo Lea na shoga yake Ziada walishinda gulioni Same wakichambua nguo za mitumba. Basi la Vudee lilipoanza kupanda mlima, Lea akalitoa tena koti lake. "Kafa Ulaya halisi, kwa bei ya kutupa!"

Ziada akatia mkono mfukoni mwa koti, akanusa vidole, akapiga chafya. "Shoga, Mzungu gani ananusa ugoro? Mwenye koti hili kafia huku huku kwetu."

"Wivu tu. Si na wewe ulilitaka?"

"Nililiachia!"

Mimi niliyekaa ubavuni mwao nikasogea kidogo, mbali na koti.

Basi likasimama kanisani. Akapanda mjane wa mzee Aminiel, tuliyemzika mwezi uliopita.

"Shikamoo, mama," alisema Lea, amelikalia koti.